Jiwe Lililoachwa Mahali Pake: Hotuba kwa Walimu wa Historia na Waongoza Watalii, Iringa

Hotuba hii niliitoa mjini Iringa mbele ya walimu wa historia wa shule za sekondari kutoka Iringa, Njombe na Mbeya, pamoja na waongoza watalii, siku moja kabla ya ziara yetu ya Isimila, korongo lenye zana za mawe za kale karibu na mji huo. Wapo walioalikwa wasiweze kufika, hasa wenzetu wa Makete na Ludewa waliozuiwa na barabara zilizoharibiwa na mvua. Kwa ajili yao nimeiweka hapa nzima, kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana wangu mnaoongoza watalii, wazee wetu mliotoka Kalenga, wanafunzi mlioketi huko nyuma: kamwene!

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuzuru mahali penye mawe ya kale. Mwenyekiti aliponipa mada hii alitaja maduara ya mawe, yaani zile sehemu ambako watu wa zamani walisimamisha mawe kwa mzunguko, nasi leo tunafika tukikuta baadhi yamesimama, mengine yamelala, na mengine hayapo kabisa. Kesho tunakwenda Isimila, ambako hakuna duara la mawe. Kwa nini basi nianze na duara? Naanza nalo kwa sababu duara linaonyesha waziwazi jambo ambalo kwa Isimila mtu anaweza kulipita bila kuliona, akarudi nyumbani akidhani ametembelea korongo lenye mawe mengi.

Ling'oeni jiwe moja kutoka katika duara. Lipakieni kwenye lori, mlilete hapa mbele ya ukumbi. Tuna nini? Tuna jiwe. Halina maandishi wala nakshi, na kwa kawaida halikuchongwa sana. Kazi yote ya watu waliolisimamisha ilikuwa katika kulichagulia mahali: umbali gani kutoka kwa jirani yake, uso upande gani, juu ya nini. Tukiliondoa pale, tumeiondoa kazi yao yote, na tulichobaki nacho ni kile ambacho mlima ulikuwa nacho kabla ya wao kuzaliwa.

Ingieni katika jiko lolote la kuni, iwe Kilolo, iwe Rungwe. Mtakuta mafiga matatu. Nyumba ikihamwa na kuta zikabomoka, mpita njia wa miaka mingi baadaye akiyakuta mafiga yale yakitazamana, anajua kuwa hapa palipikwa, hapa palikuwa na watu wa kula. Akilikuta figa moja kando ya njia, hajui chochote, ingawa jiwe ni lilelile.

Kwa hiyo nawaombeni, walimu wenzangu, mbele ya kila jiwe la kale tuulize maswali matatu. Lilikuwa wapi? Lilielekea wapi? Lilikuwa karibu na nini? Nitayarudia maswali haya mpaka yawakae kichwani, kwa sababu ndiyo maswali ambayo wanafunzi wetu hawaulizi. Wao huuliza jiwe lina miaka mingapi na lina thamani ya shilingi ngapi.

Niwapeleke kwanza mbali kidogo, magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Karibu na mji mdogo wa Kalokol kuna nguzo za mawe ya basalti zilizosimama katika nchi kavu, zinazojulikana kwa jina la Namoratunga. Waturkana husimulia kwamba zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo 19 za pale zilipangwa zielekee nyota ambazo Waborana, wafugaji wa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, huzitumia katika kalenda yao. Habari hiyo ilipendwa sana, na sioni ajabu: nani asiyefurahi kusikia kwamba wazee wa Afrika walisoma mbingu kwa mawe? Lakini baadaye ilionekana kwamba mawe yenyewe yana sumaku, na sumaku huipotosha dira, kwa hiyo vipimo ikabidi virudiwe na hoja ichunguzwe upya. Mjadala huo ulikuwa wa heshima. Aliyedai alipima, aliyepinga naye alipima, na wote wawili waliweza kupima kwa sababu moja tu, kwamba nguzo zilikuwa bado zimesimama pale zilipowekwa. Lilielekea wapi? Swali hilo lisingejibika kama nguzo zile zingekuwa zimekwisha kubebwa kwenda kupamba bustani za hoteli.

Katika ukanda huohuo wa ziwa kuna mahali paitwapo Lothagam, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana sijui mfano mwingine katika Afrika Mashariki unaofundisha zaidi. Yapata miaka 5,000 iliyopita mvua zilikuwa zimepungua na ziwa lilikuwa likirudi nyuma, likiacha wazi nchi tambarare. Watu wa wakati ule walikuwa wafugaji wa kwanza wa sehemu ile. Katika dunia iliyokuwa ikibadilika chini ya miguu yao, walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa meta 30 hivi, wakasimamisha nguzo juu yake, na kando yake wakapanga maduara ya mawe na marundo ya mawe. Katikati ya jukwaa, chini, walichimba shimo pana la kuzikia. Timu ya watafiti iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand ilitangaza mwaka 2018 kwamba waliozikwa humo hawapungui 580.

Hawapungui 580! Ni wanaume na wanawake, watoto wachanga na wazee. Na karibu kila mmoja aliyeonekana alizikwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, vipande vya mifupa na pembe. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililoundwa kwa meno ya mbele ya panya wa nchi kame, meno 405, kutoka kwa panya wasiopungua 113. Fikirini subira ya mikono iliyokusanya meno yale, kila jino likiwa dogo kuliko punje ya mchele, kisha likapangwa pamoja na mengine juu ya kichwa cha mtu aliyependwa.

Sasa nauliza: tunajuaje kwamba lilikuwa pambo la kichwani? Tunajua kwa sababu meno yalikutwa kichwani. Yangekutwa kwenye mfuko wa mchuuzi tungesema ni meno ya panya, basi. Tunajuaje kwamba hapakuwa na upande wa wakubwa na upande wa wanyonge? Tunajua kwa sababu watafiti waliandika kila ushanga ulikuwa na nani, wakaona kwamba mapambo yalienea kwa wote, mtoto na mzee. Hili ni jambo kubwa. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba majengo makubwa ya mawe huhitaji mfalme wa kuamuru na watu wengi wa kuamriwa. Lothagam inaonyesha watu walioweza kujenga pamoja, vizazi kwa vizazi, bila dalili ya bwana juu yao. Lakini kama mtu mmoja angepita mapema akaokota shanga nzuri tu, zile za kijani na za waridi, tungebaki na mifupa ya watu 580 na tusingejua kwamba walipambwa kwa usawa. Mwizi wa ushanga mmoja hatoi ushanga peke yake.

Nirudi nyumbani. Isimila iko kilometa 20 hivi kutoka hapa, kwa barabara ya Mbeya, na wengi wetu tumepita pale kwa basi mara nyingi bila kugeuza shingo. Wageni huenda kupiga picha zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, na kwa kweli ni nzuri. Ila kilicholeta wasomi Isimila kiko chini, kwenye mchanga wa korongo. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa shule ya Johannesburg, akiwa safarini, alizitambua zana za mawe zilizofumuliwa na mmomonyoko. Mwaka 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walichimba. Vipimo vya mfupa vilivyochapishwa mwaka 1972 vilikadiria umri wa takriban miaka 260,000. Palikuwa na maji ya kutuama wakati huo, na palikuwa na viboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambao macho yao yalichomoza juu ya fuvu kuliko ya kiboko tunayemjua.

Zana zenyewe ni mashoka ya mkono, yasiyo na mpini, yaliyochongwa pande zote mbili hadi yakapata ncha. Ni zana zenye makali mapana mbele. Ni za kukwangulia. Na ni mawe ya kugongea. Nyingine ni kubwa kiasi kwamba mtu hujiuliza zilishikwa na mkono wa namna gani. Lakini msiishie kwenye ukubwa. Wachimbaji waligundua kwamba ndani ya tabaka lilelile la mchanga kuna sehemu zilizojaa zana kubwa za kukatia, na sehemu nyingine, hatua chache tu kutoka hapo, zilizojaa zana ndogondogo. Je, palikuwa na kazi mbili tofauti? Je, ni makundi mawili ya watu? Je, ni maji yaliyochagua mawe mepesi na kuyasogeza? Wasomi wamebishana kwa miaka mingi, na ubishi huo una maana kwa kuwa kila zana iliandikiwa mahali ilipokutwa. Hata swali la maji hujibiwa kwa mahali: mawe marefu yaliyosukumwa na mkondo huelekea kulala yakitazama upande mmoja, wakati yale yaliyoachwa na mikono ya watu hulala ovyo. Lilikuwa wapi? Lilielekea wapi? Lilikuwa karibu na nini?

Niwaambie lililotokea katika ziara moja ya shule niliyoiongoza pale. Tulipokuwa tukirudi kwenye basi nilimwona kijana wa kidato cha tatu ambaye begi lake limeinama upande mmoja. Nikamwomba alifungue. Ndani, kati ya daftari na chupa ya maji, lilikuwamo shoka la mkono la rangi ya kijivu, refu kama kiganja na vidole vyake. Sikumkaripia. Kijana yule alikuwa mwanafunzi bora wa historia katika darasa lake, na alikuwa amelichukua kwa mapenzi. Alitaka akamwonyeshe bibi yake. Nilimwambia tu, haya, twende tulirudishe.

Tuliteremka wawili korongoni. Akasimama kwenye mchanga, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasogea hatua tano mbele, akarudi. Mawe yalikuwa mengi, na yote yalifanana na lile alilolishika. Nikamwomba aligeuze. Upande mmoja ulikuwa umepauka kwa jua na kulainika. Upande wa pili ulikuwa na udongo mwekundu ulioshikamana katika mikwaruzo ya uchongaji, bado una unyevu. Kwa hiyo tulijua uso upi ulilala chini. Tulijua hata kwamba lilikuwa limelala hivyo kwa muda mrefu. Lakini wapi? Kijana hakujua, na mimi sikujua, na hakuna mtu duniani atakayejua. Tulimkabidhi mhudumu wa kituo jiwe lile pamoja na karatasi iliyotaja sehemu ya korongo tuliyokuwa tumetembea. Ni hilo tu lililowezekana. Kijana alilia, na ninaamini hakuna somo langu la darasani lililowahi kumwingia kama lile.

Walimu wenzangu, msisubiri mpaka begi liiname. Somo hilo litolewe ndani ya basi, kabla ya mguu wa kwanza kukanyaga mchanga.

Kuna wanaosema kwamba mtalii au mwanafunzi anachukua jiwe moja moja, na kwamba hatari kubwa ni wenyeji wanaoponda mawe kwa ajili ya ujenzi. Nataka kulisema jambo hili kwa uangalifu, kwa sababu pembezoni mwa miji yetu wapo akina mama wanaosomesha watoto kwa kokoto. Siwezi kumtazama mama mwenye nyundo juani nikamwambia yeye ni adui wa historia. Na hili la kuvunja mawe ya kale si la Afrika peke yake. Kusini mwa Uingereza, katika Wiltshire, kuna duara la mawe la Avebury, lililo pana kwa mbali kuliko Stonehenge, duara mashuhuri la nchi hiyohiyo, kiasi kwamba kuna kijiji ndani yake. Mzingo wa nje peke yake ulikuwa na mawe yapatayo 100. Katika karne ya 17 na ya 18 wanakijiji walihitaji mawe ya kujengea na nafasi ya kulima. Walichimba shimo kando ya jiwe, wakaliangusha juu ya moto mkubwa, likishika joto wakalimwagia maji ya baridi, kisha wakalipiga nyundo. Mnaijua mbinu hiyo. Wapo mliokulia karibu na miamba inayopasuliwa kwa moto mpaka leo.

Mtu mmoja, William Stukeley, alifika pale katika miaka ya 1720 akaona duara likiliwa mbele ya macho yake. Hakuwa na uwezo wa kuzuia. Alichofanya ni kuchora. Alichora kila jiwe lililosimama na kuandika mahali ambapo jiwe limeondolewa. Karne mbili baadaye, katika miaka ya 1930, mwanaakiolojia Alexander Keiller aliyasimamisha tena mawe mengi yaliyokuwa yamelala au kuzikwa. Na yale yaliyokwisha kuvunjwa je? Pale yalipokuwa yamesimama aliweka alama fupi za zege. Hakuchonga jiwe bandia ili kumdanganya mgeni. Aliweka alama tu, ili mwenye kutembea aone kwamba hapa palikuwa na mwenzao. Nawasihi mlifikirie jambo hili. Walipolikosa jiwe, walihifadhi mahali pake, na kwa mahali pake duara linaonekana mpaka leo.

Hukohuko, mwaka 1938, chini ya jiwe lililozikwa yalikutwa mabaki ya mtu akiwa na mkasi na sarafu za mwanzoni mwa karne ya 14. Kwa sarafu zile, kwa sababu zilikuwa chini ya jiwe na si mahali pengine, ikajulikana ni wakati gani watu walikuwa wakiyazika mawe yale.

Sisi tufanye nini? Tuchore. Tunao wanafunzi maelfu katika nyanda hizi za juu, kila mmoja ana daftari. Kila shule iliyo karibu na mwamba wenye michoro, na tunayo kama ile ya Igeleke hapahapa Iringa, kila shule iliyo karibu na tanuri la zamani la kufulia chuma kama yale ya Ufipa, inaweza kuwa na ramani iliyochorwa kwa hatua na kamba, ikarudiwa kila mwaka. Na serikali ya kijiji, ikiwa na ramani hiyo mkononi, inaweza kumwonyesha mama mwenye nyundo mwamba ule wa kuponda na mwamba huu wa kuacha. Amri isiyo na ramani itamfukuza mahali pamoja kumpeleka pengine ambako huenda pana thamani zaidi.

Waongoza watalii, sasa nazungumza nanyi, vijana wangu. Mgeni hupenda hadithi ya kutisha, nanyi mnaishi kwa mgeni. Najua. Lakini chukueni mfano wa Engaruka, kule Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Pale kuna maduara ya mawe kwenye mteremko, na chini yake mashamba yaliyozungushiwa mawe, na mifereji, na marundo ya mawe mengi. Wageni wa kwanza walioyaona marundo yale walifikiri ni makaburi. Yalipochimbwa, makaburi yaliyotarajiwa hayakuonekana. Mengi yanaeleweka sasa kuwa mawe yaliyoondolewa shambani na kupangwa pembeni ili pawe na nafasi ya kulima. Maduara ya mteremkoni ni misingi ya nyumba. Na mwanaakiolojia Daryl Stump ameonyesha kwamba baadhi ya mashamba yale yalitengenezwa kwa kuzuia maji yenye udongo, mpaka udongo ukajaa nyuma ya kuta za mawe. Maana yake, watu wale hawakulima tu ardhi waliyoikuta. Waliitengeneza ardhi yenyewe. Je, kwa mtu aliyezaliwa Mbinga, aliyemwona bibi yake akilima ngolo, yale mashimo ya kushikilia maji na udongo, kwenye mteremko mkali, hadithi hii si tamu kuliko ya mazimwi? Isimulieni hivyo. Na masimulizi ya wenyeji yasimulieni pia kwa heshima, mkisema wazi kwamba haya ni masimulizi ya wazee na haya ni matokeo ya uchimbaji, msije mkayachanganya mgeni akaondoka bila kujua kipi ni kipi.

Wazee wetu wa Kalenga, naomba ruhusa yenu nizungumze jambo lililo zito.

Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alifariki mwaka 1898 huko Mlambalasi. Kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani. Kudaiwa kwake kuliingia hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, na bado miaka ikapita bila kurudi. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda Bremen, Ujerumani, kukitafuta katika miaka ya 1950, alikuta makumbusho yenye mafuvu yapatayo 2,000, na kati ya hayo, mafuvu 84 yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Themanini na manne! Kila moja lilikuwa la mtu aliyekuwa na jina, aliyekuwa na mama, aliyekuwa na kijiji. Ilibidi wapime, walinganishe na vipimo vya ndugu zake walio hai, watafute tundu la risasi. Fuvu lilirudi mwaka 1954 na kupokewa Kalenga, na wapo wazee ambao wazazi wao walisimama pale siku hiyo.

Kwa nini ninalitaja katika mazungumzo ya mawe? Kwa sababu hiyo ndiyo hali ya kitu kilichong'olewa mahali pake bila kuandikwa. Alikuwa kiongozi aliyejulikana vizuri na Wajerumani waliopigana naye, na bado ilihitajika kumtafuta kwa rula. Basi na wale wengine wa Bremen, ambao hakuna mkataba uliowataja, watatambuliwa kwa nini? Swali hilo linanikosesha utulivu kila ninapopita Kalenga, na sitaki liniondoke.

Na Mlambalasi kwenyewe kunafundisha. Katika jabali lile lililo karibu na kaburi la Mtwa, watafiti akiwamo Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta wamechimba na kukuta tabaka juu ya tabaka: juu vigae vya vyungu na mabaki ya kufua chuma, chini zaidi vijiwe vidogo vya makali na shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mtwa amelala mahali ambapo watu wamekuwa wakijihifadhi na kuzikana tangu enzi hizo. Ni mahali tu panapotuambia hivyo.

Wenzetu wa Mbeya mtaniuliza, na sisi je? Ninyi mna jirani mzuri, Mbozi, ambayo sasa iko Mkoa wa Songwe. Kimondo kile cha chuma, chenye urefu wa meta 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kilipojulikana kwa wanasayansi mwaka 1930 kilikuwa kimezama nusu ardhini. Waliochimba kuzunguka hawakukivuta kwenda kwenye makumbusho ya mbali. Walikiacha pale kilipoangukia, juu ya nguzo ya udongo, baadaye ikaimarishwa kwa zege. Mkifika mnaweza kuingia chini na kukitazama kwa chini. Peleka watoto pale, Mwalimu, kisha uwaulize kwa nini kina pande zilizokatwa, na nani alizikata, na vipande vilikwenda wapi.

Kuhusu kesho, machache. Korongoni tutatembea kwa mstari, nyuma ya mwongozaji, kwa sababu chini ya kila hatua pembeni ya njia panaweza kuwa na zana. Atakayeona jiwe asilolielewa asiliinue. Aweke kalamu au funguo kando yake ili ukubwa uonekane, alipige picha lilivyolala, kisha apige picha nyingine kwa mbali inayoonyesha kingo za korongo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na marekebisho yake ya mwaka 1979, inakataza kuchimba bila kibali. Lakini napenda tusiwafundishe watoto woga wa sheria kabla hatujawafundisha sababu yake. Kila kundi la walimu watano litapewa kamba ya meta 10 iliyofungwa mafundo kila meta moja, na karatasi ya miraba. Mtachora eneo mnalopewa, kila jiwe mahali pake, na mishale ya kuonyesha ncha zinaelekea wapi. Msipomaliza si kitu. Ramani zitabaki na mhudumu wa kituo, na ninaomba shule zilizo karibu zikubali kurudi mwakani wakati kama huu, baada ya mvua, kuchora sehemu zilezile na kulinganisha.

Mabasi yanaondoka saa moja kamili asubuhi. Njooni na kofia, maji ya kunywa na viatu visivyoteleza, kwa kuwa mteremko wa kuingilia huwa na changarawe. Mwenyekiti, nakushukuru. Maswali nayakaribisha, na ningependa waongoza watalii waanze, kwa sababu wao ndio watakaosimama pale kesho kutwa, na siku zote baada yetu.